Fleti ya London, imebaki miaka 83

Swali: Mimi na mume wangu hatuishi Uingereza, na tunayo nyumba yetu huku tunakoishi. Binti yetu wa miaka 19 ameanza chuo London. Dalali ametuonyesha fleti ya vyumba viwili Wapping, ukingoni mwa mto Thames, katika ghala la zamani lililogeuzwa makazi ya kifahari: mapokezi saa 24, bwawa, ukumbi wa mazoezi. Bei ni pauni 1,000,000, mkataba umebaki miaka 83. Anasema jengo la jirani fleti za ukubwa huo ni ghali zaidi, na mwenye mali anataka jibu wiki hii. Fedha tunazo, hatuhitaji mkopo. Binti akimaliza masomo tutapangisha. Tuinunue? Na tuandikishe jina la nani, au tufungue kampuni?

Jibu: Dada yangu, katika barua yako yote kuna jambo moja ulilolipita mbio, kama mtu anayetaja bwawa na mapokezi: miaka 83. Mimi nimesimama hapo hapo. Fleti ya jengo la jirani huenda haina jiko zuri kuliko hii, wala haioni mto vizuri zaidi. Mwulize dalali imebakiza miaka mingapi. Akikwambia 150 au 980, utakuwa umeshajua kwa nini hii yako ni "nafuu".

Uingereza, nikimaanisha England na Wales maana Scotland wana sheria yao, fleti karibu zote haziuzwi kama shamba au nyumba ya chini inavyouzwa. Unachonunua ni haki ya kukaa kwa idadi ya miaka iliyoandikwa. Ardhi na jengo vina mwenyewe, na huyo nitamwita mwenye ardhi. Miaka ikiisha, haki inarudi kwake pamoja na jiko ulilolibadilisha kwa fedha zako. Utaratibu huu una umri. Ardhi ya Mayfair na Belgravia, mitaa ya kifahari ya London, iliingia katika ukoo wa Grosvenor mwaka 1677, Thomas Grosvenor alipomwoa Mary Davies, binti aliyerithi yale yaliyokuwa malisho na mashamba nje ya mji. Ukoo haukuuza, ulikodisha, na mpaka leo una sehemu kubwa ya mitaa ile. Mwaka 2002 Bunge lilileta njia ya wenye fleti kumiliki jengo lao kwa pamoja bila mwenye ardhi juu yao, lakini majengo yaliyoifuata ni machache mno. Kwa hiyo mfumo huu hutaukwepa. Usome.

Anza kwa kuhakikisha hiyo 83 yenyewe. Mtu yeyote, akiwa popote, anaweza kuagiza nakala ya daftari la umiliki kutoka HM Land Registry, ofisi ya serikali inayosajili ardhi, kwa njia ya intaneti kwa pauni 7. Tafuta mstari unaotaja muda. Tuseme umeandikwa: miaka 125 kuanzia 25 Machi 1984. Basi unakwisha Machi 2109. Utaona wengine wanahesabu tangu siku muuzaji aliponunua, au wanachukua namba ya tangazo la zamani, na ghafla 83 ni 81. Miaka miwili hiyo ina bei yake, na bei hiyo inatokana na namba moja ambayo wakazi wa London huitaja kama wavuvi wanavyotaja maji kupwa: 80.

Sheria ya 1993 inampa mwenye fleti haki ya kuongezewa miaka 90 juu ya ile iliyobaki, na kodi ya ardhi, ile anayomlipa mwenye ardhi kila mwaka, ikafutwa, kwa kumlipa mwenye ardhi fidia. Mkataba ukiwa na zaidi ya miaka 80, fidia ina sehemu mbili: kodi ya ardhi atakayoikosa, na kule kungojeshwa zaidi kabla fleti haijamrudia. Ukifika 80 au chini, inazaliwa sehemu ya tatu. Waingereza huiita thamani ya ndoa, na si utani wangu. Maana yake ni hii: fleti yenye miaka mingi ina thamani kubwa kuliko haki yako fupi na haki ya mwenye ardhi zikihesabiwa kila moja peke yake. Ile ziada inayopatikana mkiziunganisha, nusu ni yake. Ziada ikiwa pauni 60,000, kwa mfano, 30,000 zinaenda kwake juu ya fidia nyingine zote. Kwa mkataba wa mfano wetu, mpaka huo unafikiwa Machi 2029. Binti yako atakuwa bado ana harufu ya joho la mahafali.

Utasikia kwamba sheria mpya ya 2024 imefuta mambo haya. Ni kweli Bunge limeipitisha, na ndani yake kuna nyongeza ya miaka 990 na kuondolewa kwa thamani ya ndoa. Lakini sheria ile inaanza kutumika vipande vipande. Kipande kimoja kilichokwisha kuanza, tangu 31 Januari 2025, ni kwamba mnunuzi halazimiki tena kumiliki fleti miaka miwili kabla ya kuomba nyongeza. Kwa hayo mengine, wakili wako akwambie kipi kinatumika siku unayotia saini. Usilipe bei ya leo kwa matumaini ya kanuni ya kesho.

Mimi ningemtaka muuzaji atoe yeye notisi ya kuomba nyongeza kabla hamjakamilisha mauzo, kisha akuhamishie haki ya notisi hiyo siku mnapokabidhiana. Fidia hupimwa kwa tarehe ya notisi, kwa hiyo saa inasimama. Watu huuliza, kama hakuna tena kungoja miaka miwili, kwa nini nisitoe notisi mwenyewe? Kwa sababu haki ni ya yule ambaye jina lake liko kwenye daftari, na usajili wa mnunuzi mpya unaweza kuchukua miezi. Katika miezi hiyo wewe umelipa kila senti na bado huna mkono wa kunyooshea notisi. Muuzaji akikataa, mwajiri mthamini akupigie hesabu ya nyongeza, na kiasi hicho kitoke kwenye bei. Hapo ndipo "bei nzuri" ya dalali itajulikana uzuri wake.

Ukiwa kwenye mkataba huo huo, angalia kodi ya ardhi. Mikataba mipya iliyofanywa tangu 30 Juni 2022 hairuhusiwi kuitoza, lakini wa mfano wetu, wa 1984, hauguswi na sheria hiyo. Pauni 500 kwa mwaka hazimuumizi mtu anayenunua kwa milioni. Ila soma inapandaje. Kama inazidishwa mara mbili kila miaka kumi, baada ya miaka 50 ni pauni 16,000 kwa mwaka, na mnunuzi atakayekuja baada yako anajua kuhesabu.

Sasa ushuru wa stempu, ule anaolipa mnunuzi kwa serikali, maana hapa wageni wengi hushtuka wakati mizigo imeshafungwa. Kwa bei ya 1,000,000, pauni 125,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 250,000 ni asilimia 2, yaani 2,500. Hadi 925,000 ni asilimia 5, yaani 33,750. Zile 75,000 za juu ni asilimia 10, yaani 7,500. Jumla 43,750. Hiyo analipa mkazi asiye na nyumba nyingine. Nyinyi mnaongezewa asilimia 5 ya bei yote kwa kuwa mna nyumba, na haijalishi iko nchi gani, ilimradi thamani yake inafika pauni 40,000. Kisha asilimia 2 nyingine kwa kuwa hamkukaa Uingereza siku 183 katika miezi 12 kabla ya kununua. Hizo ni 70,000 juu. Jumla yenu ni pauni 113,750, zilipwe ndani ya siku 14 baada ya kukamilisha.

Ni nyingi, sikatai. Ila kwa mizani ya miji inayopendwa na wageni, London bado imeacha mlango wazi. Singapore tangu 27 Aprili 2023 inamtoza mgeni asilimia 60 ya bei kama ushuru wa ziada. Canada imewafungia wageni wengi mpaka 1 Januari 2027. Australia imezuia wasinunue nyumba zilizokwisha kujengwa, kuanzia 1 Aprili 2025 hadi 31 Machi 2027. Dubai ada ya kuhamisha umiliki ni asilimia 4, na ndiyo maana madalali wa huko wana sauti kubwa, ingawa huko maswali ya kuuliza ni mengine kabisa, hasa fleti ikiwa bado ni mchoro.

Nije kwenye jina, ambako barua yako imebeba fedha nyingi bila mwenyewe kujua.

Kampuni, hapana. Kampuni inayonunua makazi ya zaidi ya pauni 500,000 hutozwa ushuru wa asilimia 17 ya bei yote, na ikiwa si ya Uingereza asilimia 2 juu yake: pauni 190,000 kwa fleti hii. Kuna nafuu kwa kampuni inayopangisha kibiashara, lakini binti akilala humo nafuu inakufa. Kuna kodi ya kila mwaka kwa kampuni zinazomiliki makazi ya thamani hiyo. Na ule usiri waliokuwa wakiuza washauri wa zamani umekwisha: tangu Agosti 2022 kampuni ya nje inayomiliki ardhi Uingereza lazima iandikishe wanaonufaika nayo. Hata kinga ya kodi ya mirathi iliondolewa, tangu 6 Aprili 2017, kwa makazi yanayomilikiwa kupitia kampuni za nje.

Jina lenu wawili linawezekana, kwa ushuru ule wa 113,750. Kumbuka tu kwamba mali iliyoko Uingereza hutozwa kodi ya mirathi ya huko hata mwenyewe akiwa hajawahi kulala London usiku mmoja. Ni asilimia 40 ya kinachozidi pauni 325,000. Fleti ya milioni moja ikiwa ya mtu mmoja anayemwachia mtoto, hiyo ni pauni 270,000, na huwa inadaiwa kabla familia haijapata ruhusa ya kuiuza. Mume na mke wana nafuu zao kati yao, na kumiliki kwa hisa kunapunguza, lakini wosia ulioandikwa kwa sheria ya England mnauhitaji kabla ya makochi.

Halafu kuna binti. Ana zaidi ya miaka 18, hana nyumba yake, ataishi humo. Mkimpa fedha kama zawadi na akanunua yeye, ile asilimia 5 haimhusu. Ushuru unashuka hadi 63,750. Na tazama kalenda: ameshaanza chuo. Siku zake London zikifika 183 katika miezi 12 kabla ya ununuzi, hata ile asilimia 2 inaondoka, na ushuru unakuwa 43,750, tofauti ya pauni 70,000 na hesabu yenu. Ndiyo maana lile "wiki hii" la dalali halikuniingia akilini. Huenda kusubiri miezi michache ndiyo kazi yenye mshahara mkubwa mtakayofanya mwaka huu.

Lakini lisikilizwe vizuri. Ikiwa jina ni lake na mali ni yenu kwa makubaliano ya pembeni, sheria inawaona nyinyi ndio wanunuzi, na mnarudi kwenye ushuru wenu mkiwa mmeongeza kosa la kutoa taarifa ya uongo. Iwe yake kweli. Akiolewa, akidaiwa, akitaka kuiuza akafungue mgahawa, ni yake. Nimewahi kuona wazazi wakikaa kimya dakika nzima ofisini kwangu baada ya kuambiwa sentensi hiyo, kisha baba akacheka, mama hakucheka. Zungumzeni nyumbani kwanza, bila wakili.

Kuhusu jengo. Mtu hukagua fleti, akapima pazia, akasahau kwamba amenunua pia sehemu ya paa, lifti, mabomba na bwawa asiloogelea. Ada ya huduma ndiyo kodi halisi ya maisha ya kifahari. Fleti ya futi za mraba 900 ikitozwa pauni 10 kwa futi ni 9,000 kwa mwaka, iwe kuna mtu ndani au giza tupu. Usiishie kuuliza ni kiasi gani. Omba hesabu za miaka mitatu, salio la mfuko wa akiba, na muhtasari wa vikao vya wenye fleti. Mihutasari hiyo hakuna mnunuzi anayependa kuisoma, na mimi ndiyo ninayoipenda kuliko nyaraka zote. Mteja wangu mmoja alikuwa ameshachagua rangi ya kuta. Ukurasa wa nne wa muhtasari, katikati ya malalamiko ya baiskeli zinazoachwa korido, kulikuwa na mstari huu kwa maana yake: mkandarasi amependekeza mabomba yote ya maji moto yabadilishwe, suala liahirishwe hadi Septemba. Mfuko wa akiba ulikuwa mtupu. Tuliuliza, tukapewa makadirio, na muuzaji akakubali sehemu ya fedha yake ibaki kwa wakili mpaka bili itoke. Bila ule mstari, bili ingefuata mnunuzi.

Kazi inayomgharimu mwenye fleti yeyote zaidi ya pauni 250 lazima itanguliwe na taarifa ya maandishi na nafasi ya maoni. Kwa hiyo uliza wazi: kuna taarifa yoyote iliyokwisha kutolewa, au inayokusudiwa? Wanaoona ada imezidi wanaweza kuipinga kwenye baraza la mali, lakini kuacha tu kulipa ni hatari. Mkataba wenyewe, ule wa miaka 83, unaweza kuvunjwa kwa deni.

Suala la moto nalo haliepukiki. Tarehe 14 Juni 2017 Grenfell Tower iliteketea London magharibi, watu 72 wakafa, na mabamba yaliyofunika kuta za nje ndiyo yaliyoubeba moto kwenda juu. Sheria ya 2022 iliyofuata inawakinga baadhi ya wenye fleti wasibebeshwe gharama za kurekebisha kasoro za usalama, katika majengo ya kuanzia mita 11 au ghorofa tano. Ni "baadhi" kwa sababu kinga inategemea nani alimiliki fleti tarehe 14 Februari 2022: kama yalikuwa makazi yake makuu, au hakuwa na zaidi ya makazi matatu Uingereza, fleti ina sifa ya kukingwa, na sifa hiyo inahama pamoja na fleti. Kama ilikuwa mikononi mwa mwekezaji mwenye fleti kumi, unarithi upungufu wake ingawa wewe hukuwepo. Kuna cheti cha kuthibitisha jambo hili, muuzaji akitoe. Ghala la matofali huenda halina mabamba hayo, na kasoro zinazoangaliwa ni za kazi zilizofanywa katika miaka 30 kabla ya mwisho wa Juni 2022, hivyo ghala lililogeuzwa makazi mwaka 1984, kama la mfano wetu, kazi yake hiyo haimo. Lakini wenye maghala ya Wapping wamekuwa na tabia ya kuongeza ghorofa ya vioo juu ya paa. Ikiwa ipo, iliongezwa lini?

Halafu vile vifungu vidogo. Mimi mwenyewe niliwahi kukipita kimoja miaka ya mwanzo: sakafu zote za sebule na vyumba zifunikwe zulia. Mteja akaweka mbao za mwaloni nzuri ajabu, na jirani wa chini, ambaye kumbe alikuwa na nakala ya mkataba kitandani, akaandika barua. Mbao zilifunikwa. Soma kuhusu zulia, kuhusu mbwa, na hasa kuhusu kupangisha. Mikataba mingi ya majengo haya inakataza kukodisha kwa usiku mmoja mmoja, na hata mkataba wenu usipokataza, London ina kikomo cha usiku 90 kwa mwaka bila kibali cha mipango miji.

Huko mbele mkipangisha, kodi ya mapato ni ya Uingereza kwanza. Mwenye nyumba anayeishi nje, wakala wake hukata asilimia 20 na kuipeleka serikalini, isipokuwa ameomba na kukubaliwa apokee kamili na ajieleze mwenyewe kwa fomu. Mkiuza kwa faida, taarifa inatakiwa ndani ya siku 60. Kodi ya halmashauri haitozwi wakati wote waliomo ni wanafunzi wa muda wote, kwa hiyo rafiki wa binti anayefanya kazi benki akihamia chumba cha pili, furaha hiyo ina bili.

Kununua kwenyewe kunaenda hivi. Ofa ikikubaliwa hakuna aliyefungwa, si wewe wala muuzaji. Anaweza kesho kumpa mwingine aliyeongeza, na sheria haina neno. Kinachofunga ni siku ya kubadilishana mikataba, ambapo unaweka asilimia 10, nazo ukijitoa zimekwenda. Kwa hiyo arbuni yoyote anayoitaka dalali wiki hii haikununulii usalama. Dalali ni wa muuzaji, ndiye anayemlipa. Tafuta wakili wako mwenyewe, hakikisha jina lake kwenye daftari la Solicitors Regulation Authority, chombo kinachosimamia mawakili, asiwe yule aliyependekezwa na upande wa pili. Atakuuliza fedha zimetoka wapi kwa ukali wa mama mkwe: taarifa za benki za miezi, hati ya kiwanja mlichouza, gawio, na kwa upande wa binti, barua ya zawadi. Asipouliza, mwogope. Kazi hiyo inachukua wiki kadhaa, anzeni kuikusanya sasa.

Na siku ya kutuma fedha, tahadhari ya mwisho kabisa. Wezi huingia kwenye barua pepe, wakasoma kimya kimya, kisha siku ile, mara nyingi Ijumaa mchana, unapokea ujumbe wenye nembo ya wakili wako: tumebadilisha akaunti. Usitume. Piga simu kwa namba uliyoichukua mwenyewe mwanzoni, siyo iliyo kwenye ujumbe huo, msomewe tarakimu moja moja. Tuma kiasi kidogo kwanza. Kisha mali ikishasajiliwa, jiandikisheni kwa huduma ya bure ya HM Land Registry inayotoa taarifa mtu akigusa daftari lenu, na mwombe zuio linalotaka wakili athibitishe kwamba anayeuza ndiye mwenye mali. Fleti ambayo mwenyewe yuko mbali ndiyo inayotamaniwa na matapeli wanaouza za wenzao.

Kuhusu uwekezaji nitasema kidogo, maana barua yako imeuliza kidogo. Julai 2014 pauni ilikuwa juu ya dola 1.70. Tarehe 26 Septemba 2022 iligusa karibu 1.03. Na 2014 ndio mwaka ambao bei za maeneo ya kifahari ya katikati ya London zilifika kilele, kilele ambacho nyingi hazijakirudia. Aliyenunua wakati ule kwa akiba ya dola alipigwa pande mbili. Wapping si Mayfair, na binti kulala mahali salama kuna thamani ambayo hesabu yangu haiioni. Lakini kama sababu ni faida peke yake, mkataba wa miaka 83 wenye bwawa si mahali pa kuitafutia.

Kwa hiyo jibu la wiki hii kwa dalali liwe fupi. Mwandikie kwamba mnavutiwa, na kabla ya kutaja bei mnaomba vitu vitano: nakala ya mkataba wa miaka 83, hesabu za ada za miaka mitatu, mihutasari ya vikao vya miaka miwili, cheti cha sifa ya 14 Februari 2022, na kauli ya muuzaji kama atatoa notisi ya nyongeza ya miaka na kuihamisha kwa mnunuzi. Akijibu kwamba kuna mtu mwingine anayekuja kuiona Jumamosi, mwambie amkaribishe. Wakati huo muhesabu binti siku zake za London, akiwa na pasipoti mkononi, muhuri kwa muhuri.